Mkeka wa Mama Uko Kasrini

SEHEMU YA TISA

Wale tuliokuwa pamoja wiki iliyopita mliniacha wodi ya macho, nimeushika mkono wa mama, naye amekaza uso kwamba hapasuliwi mpaka aushike kwanza mkeka wake. Anayeingia leo asiogope. Nitamweleza kwa kifupi, halafu twende.

Mimi ni fundi wa makochi. Mtaani wananiita Fundi Sponji. Karakana yangu iliungua, hiyo mliisoma. Mke wangu akafungasha akarudi kwao, hiyo nayo mliisoma, na wengine mkanitumia salamu za kunisema, nikazipokea. Nikadhani nimefika chini kabisa. Kumbe chini kwenyewe kulikuwa bado.

Mama yangu alikuwa msusi wa mikeka. Jicho lake la kulia limekwisha. La kushoto lina mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi, na daktari bingwa aliyekuja kwa wiki moja tu anaondoka Ijumaa jioni.

"Asipopasuliwa Ijumaa hii," daktari aliniambia, "nikirudi mwakani sitakuta cha kuokoa."

Mama alipoambiwa, hakubishana na mtu. Alisema taratibu tu, "Miaka kumi na miwili mwanangu ananiambia mkeka wangu umetundikwa kasrini. Sijawahi kufika. Hicho kisu chenu kikiharibu, je? Nipelekeni nikauage. Hata kwa kuushika."

Kasri ni lile jumba la mfalme wa zamani. Siku hizi hakuna mfalme, ni makumbusho ya kazi za mikono: ngoma, vyungu, milango ya kuchonga, mikeka. Kutoka hospitali ni mwendo mfupi. Mtu mwingine angesema basi twende, tatizo liko wapi?

Tatizo ni hili ambalo wiki nane nimelizungukazunguka na leo nalitapika. Mkeka wa mama haupo kasrini. Sikuufikisha. Niliukata kwa mkono wangu.

Alianza kuusuka baba alipofariki. Aliusuka miaka miwili, mwekundu na mweusi, mpana wa kutosha sakafu ya chumba. Kasri lilipotangaza kwamba linapokea kazi za mafundi, akanikabidhi. "Peleka, baba. Na jina langu wakaliandike."

Nikaupeleka mpaka getini. Karani akasema nirudi Jumanne. Nikaurudisha karakana nikausimamisha pembeni. Jumatatu akaingia mteja wangu wa kwanza mkubwa, bwana mmoja tuliyemwita Mzee wa Tenda. Alitaka viti sita vya kifahari, mgongo na kikalio viwe vya mkeka, kabla wiki haijaisha. Macho yake yakatua pembeni.

"Si huo hapo?"

Ningeweza kusema huo ni wa mama. Neno fupi tu. Lakini nilikuwa kijana, nimefungua karakana juzi, na mtu mwenye tai amesimama mlangoni kwangu. Nikachukua mkasi.

Mama nikamwambia wameupokea kwa mikono miwili. Akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Tangu hapo kila akitaka kwenda kuuona nina sababu: wanapaka rangi, wamefunga, wana wageni. Na macho yake yalipoanza kuingia ukungu, Mungu anisamehe, mwanenu nilipumua.

Sasa mnanijua. Tuendelee.

Jumanne ya wiki hii nilikwenda kasrini peke yangu kutafuta mkeka wa kumdanganyia. Nilizunguka chumba kizima cha mikeka nikiwa nimeinua shingo, natazama kuta. Wa kwanza ulikuwa na kijani. Wa pili mwembamba. Wa tano, ah! Mwekundu na mweusi, pande zote mbili, kama pacha wake. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Angalieni ujinga wa mtu aliyebanwa. Nahangaika kutafuta rangi zinazolingana, kwa ajili ya mtu asiyeona.

Msimamizi wa vyumba vile ni mama mmoja mnene, mpole, mwenye pete ya chuma yenye funguo zisizohesabika kiunoni. Nitamwita Bi Funguo. Nilimwomba aturuhusu tuje kabla wageni hawajaanza kuingia, mama aguse ule mkeka kidogo tu.

"Ni wake?" akaniuliza.

"Hapana, dada yangu," nikasema. Halafu nikaongeza uongo juu ya uongo. "Ni uzee tu. Akili yake siku hizi inakwenda na kurudi. Akidai ni wake, wewe mwitikie."

Bi Funguo akanitazama kwa huruma. Akakubali.

Alhamisi saa mbili asubuhi tukafika. Mama alikuwa amevaa gauni lake la heshima na amepaka mikono mafuta. Alisema hawezi kwenda kumsalimia mtu na mikono mikavu.

Mlinzi wa chumba alitupokea kwa neno lake moja. "Usiguse!"

"Hajagusa kitu," nikamwambia.

"Nasema mapema."

Wenzake wanamwita Bwana Usiguse. Nadhani hata akiwa usingizini analitamka.

Tukapita chumba cha ngoma. "Ngozi," mama akasema, akivuta pumzi. Tukapita vyungu. "Udongo." Alikuwa anacheka kidogo kidogo, amenishika kiwiko, anatembea kama bibi harusi. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye korido ile.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Wameutundika juu sana? Nitaufikia?"

"Utaufikia."

Bi Funguo alikuwa ameushusha, ameutandaza juu ya meza ndefu. Akamshika mama bega. "Shikamoo, mama. Karibu sana. Mkeka wako huu hapa."

Alivyosema "wako", akanikonyeza. Nikaangalia sakafu.

"Marahaba, binti yangu. Kwanza nisomee walichoandika."

Sikulipangia hilo.

Bi Funguo akasita. Kulikuwa na kibao kidogo cha maelezo, na yule mama si mwongo wa kuzaliwa kama mimi. Akasoma, "Mkeka wa sherehe. Msusi hajulikani."

"Hajulikani?" Mama akageuza uso kunitafuta. "Si nilikupa jina langu?"

"Watakuwa wamesahau, mama. Watu wengi. Makaratasi mengi."

"Wamesahau." Akalirudia lile neno. "Haya. Nipeni niushike."

"Glavu!" akasema Bwana Usiguse, akatoa jozi ya glavu nyeupe za pamba. "Hakuna kushika bila glavu."

Ningeweza kumkumbatia mlinzi yule. Glavu! Vidole vya mama vikifunikwa, vitajua nini? Nikamvalisha mwenyewe, haraka, kabla hajabadili mawazo. Mama akaweka mikono juu ya meza, akaipeleka kulia, akaileta kushoto. Halafu akaanza kuzivua, kidole kimoja kimoja.

"Bibi, hairuhusiwi!"

"Nimekuja kuusalimia, sikuja kuuosha," mama akasema. Hata Bi Funguo akacheka, akamwashiria mlinzi amwache.

Mama akaweka kiganja kitupu juu ya mkeka. Hakukaa nacho hata kwa kuhesabu hadi tano.

"Huu si wangu."

"Mama, ni wenyewe. Mwekundu na mweusi, mimi nauona."

"Wewe unaona rangi." Akauchukua mkono wangu akaulaza juu ya ukili, ile mikanda ya majani ya mkindu inayosukwa kwanza kabla ya kushonwa kuwa mkeka. "Sikia. Ukili unalalia upande gani?"

Akauvuta mkono wangu kufuata msuko.

"Unalalia kulia. Aliyesuka huu ni mtu wa mkono wa kulia. Mimi ni mtu wa nini?"

Mashoto. Mama yangu ni mashoto. Anakula kwa mkono wa kulia, kama alivyofunzwa kwa bakora, lakini kusuka alisuka kwa kushoto, na kila ukili wake unalalia upande usio wa wenzake. Nimekua juu ya mikeka ile. Nimetambaa juu yake. Na siku niliyoutafuta mkeka wa kumdanganyia, hilo halikunijia kabisa.

Nikangoja aniite mwongo. Nilistahili. Badala yake akanipapasa mkono.

"Pole, baba," akasema. "Wamekudanganya na wewe."

"Mama..."

"Wameubadilisha. Wangu wameuuza, wakaweka huu." Akamgeukia Bi Funguo, na sauti yake haikuwa tena ya bibi harusi. "Binti, mkeka wangu mmeupeleka wapi?"

"Mama yangu, hakuna aliyebadilisha kitu hapa."

"Mwanangu aliuleta kwa mikono yake! Miaka kumi na miwili! Mnachukua jasho la mjane, mnaandika hajulikani, halafu mnauza?"

"Kila kitu hapa kina namba, kimeandikwa kwenye daftari. Mimi niko hapa tangu jumba lifunguliwe. Mkeka wako haujawahi kuingia."

"Basi mwizi ni wewe!"

Bwana Usiguse akasogea. Bi Funguo akabadilika rangi ya uso. Miaka yote amefungua na kufunga milango ile bila kuitwa jina hilo, na leo ameitwa kwa sababu alinionea huruma.

Hapo ndipo mwanamume angesema. Sentensi moja ingetosha: mama, mwizi ni mimi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwacha mwanamke mwema achafuliwe ili mimi nibaki safi.

Lakini uvumilivu wa mtu mpole una mipaka yake.

"Mama, mimi sikulaumu," Bi Funguo akasema. "Mwanao alikuja Jumanne akanieleza. Alisema akili yako siku hizi inakwenda na kurudi. Alisema ukidai mkeka ni wako nikuitikie tu. Nilikosea kukubali."

Mama hakunigeukia. Alibaki ameuelekeza uso mezani. "Alisema hivyo?"

"Alisema."

"Akili yangu."

"Mama, sikumaanisha..." nikaanza.

"Nipeni mahali nikae," mama akasema.

Bi Funguo, pamoja na hasira zake zote, akakimbilia pembeni akavuta kiti. Kulikuwa na viti viwili pale ukutani, vya mlinzi na vya wageni wanaochoka. Akamkalisha mama taratibu. Mama akaegemea, akafumba macho, mkono wake wa kushoto ukaning'inia kando ya kikalio.

Nilikuwa nawaza namna ya kumtoa pale. Nawaza Ijumaa. Nawaza daktari na begi lake. Ndiyo maana sikuona vidole vyake vilipoanza kutembea.

Vilitembea ukingoni mwa kikalio, vikarudi. Vikapanda mgongo wa kiti. Akageuka, akaweka viganja vyote viwili.

"Unalalia kushoto," akanong'ona.

Ndipo nikakitazama kiti.

Fundi wa viti mzima, Jumanne nilizunguka chumba kile nimeinua shingo naangalia kuta, nikavipita viti. Rangi ilikuwa imefifia kwa migongo ya watu ya miaka kumi na miwili. Mbao zimechubuka. Lakini miguu ile niliichonga mimi. Mzee wa Tenda hakuniambia anavipeleka wapi, na mimi sikuuliza.

"Huu hapa!" Mama alikuwa analia na kucheka. "Huu hapa mkeka wangu! Binti, njoo ushike! Si nilisema? Akili yangu iko wapi sasa? Iko wapi?"

Bi Funguo akapiga magoti, akapapasa. Akapapasa mkeka wa mezani, akarudi kwenye kiti. "Kweli," akasema polepole. "Hii ni mikono miwili tofauti."

"Mwanangu hakunidanganya! Ulifika! Uko kasrini!"

Ndugu msomaji, kwa muda mfupi sana niliamini nimeokoka. Uongo wangu ulikuwa umegeuka kweli. Mkeka ulikuwa kasrini. Ningenyamaza tu, na lawama zote zingemwangukia fundi asiyejulikana.

Lakini vidole vya mama havikuwa vimemaliza kazi. Viliufuata mkeka hadi pale unapokunjwa kuingia chini ya kikalio. Vikasimama.

"Umekatwa," akasema.

Akaupitisha ukucha juu ya ukingo ule.

"Hapa umekatwa na mkasi. Ukili wangu haukukatwa katikati hata siku moja, mimi naukunja." Akainama, akapeleka mkono chini ya kiti, kule ambako mafundi tunaficha uzi. "Nani alinikatia kazi yangu?"

Nilijua anachokwenda kukikuta. Nilikuwa na miaka saba aliponifunza kushika sindano. Tulishona ukili pamoja, mimi nimekaa kati ya magoti yake. Aliniambia uzi ukifika mwisho usiufunge fundo moja kama wavivu. Funga matatu, halafu mkia uurudishe ndani usikwaruze mtu. Sijawahi kumwona fundi mwingine anayefanya hivyo. Na mimi sijawahi kuacha kufanya hivyo, hata siku ile.

Nilimwona akihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akautafuta mkia wa uzi. Ulikuwa umerudishwa ndani.

Mkono wake ukabaki pale chini.

Nikaanguka magoti. "Mama, nisamehe. Mama, mimi..."

"Nyamaza."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mama, nisikilize, nilikuwa..."

"Nimesema nyamaza. Umezoea kuniambia mambo nikiwa sioni. La leo silitaki." Akajifuta uso kwa kiganja kile kile cha mafuta. "Binti."

"Abee, mama," Bi Funguo akaitikia. Naye alikuwa analia.

"Nimekuita mwizi. Nisamehe."

"Nimeshasamehe, mama."

"Hiki kiti mnaweza kuniazima siku mbili?"

Bwana Usiguse akafungua mdomo, lakini Bi Funguo akamwahi. "Vyenye namba ndivyo visivyotoka, mama. Hiki hakina namba. Ni cha kukalia tu."

Nilimwona mama akilipokea neno hilo, cha kukalia tu, akalimeza. Akasimama mwenyewe. Alipotaka mtu wa kumshika, alinyoosha mkono upande wa Bi Funguo.

"Nirudisheni hospitali," akasema. "Kesho nipasuliwe."

Nilichokuwa namwomba Mungu usiku na mchana nikawa nimepewa. Nikaropoka, "Alhamdulillahi! Asante, mama, asante..."

"Usinishukuru. Sijakubali kwa ajili yako." Uso wake ulikuwa umenielekea sawasawa, kana kwamba ananiona. "Watakaponifungua kitambaa, wa kwanza kumwona nataka uwe wewe. Ukae kwenye kiti hiki, mbele yangu. Hapo ndipo utanieleza ulivyoukata. Nataka nikutazame unavyosema."

Hakuniambia neno jingine njia nzima. Nilikibeba kiti kichwani, watu wakinipisha.

Ijumaa walimwingiza chumba cha upasuaji. Nesi alimwuliza kama ana neno kwa mwanawe kabla ya kuingia. Akatikisa kichwa. Saa moja baadaye daktari akatoka, anavua kofia.

"Imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kesho asubuhi watamfungua. Ataona."

Nikashika ukuta. Nililia kwa furaha, naapa, furaha tupu ya mtoto ambaye mama yake ataona. Kisha nikakumbuka ataona nini.

Leo ni Jumamosi. Ninaandika haya kwenye korido ya wodi ya macho, nimesimama, karatasi nimeiegemeza ukutani. Kiti kiko hapa kando yangu. Nesi mmoja amepita mara mbili akaniambia, kaka, si ukae. Siwezi. Nimefanya mazoezi ya maneno tangu alfajiri. Nikisema nilikuwa kijana, nasikia uongo. Nikisema nilikuwa na shida, nasikia uongo. Ukweli wenyewe ni kwamba alikuja mtu mwenye tai, na mimi nikaona aibu kumwambia subiri.

Mlango umefunguliwa. Nesi ametokeza kichwa, mkononi ana mkasi mdogo wa kukatia bandeji.

"Wewe ndiye mwenye kiti?" ananiuliza. "Ingia nacho. Mama anasema hafunguliwi mpaka ukae."